Dereva Aliyepisha Nyoka

Barabara ya kutoka Mbeya kuja Tunduma ina sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na ndiyo pekee inayoheshimiwa na madereva wote. Taa nyekundu wanabishana nayo, trafiki wanaelewana naye, na mstari mweupe wa katikati kwao ni pambo la lami. Lakini nyoka akionekana barabarani, lazima akanyagwe. Tena si kukanyagwa tu. Ukishampitia unasimama, unaweka rivasi, unarudi juu yake umalizie, kwa sababu nyoka aliyebaki na roho atajizungusha kwenye ekseli, asafiri na wewe mpaka nyumbani, na usiku huohuo mkeo awe mjane. Ndivyo wanavyoambiana. Hakuna aliyewahi kumwona mjane wa namna hiyo, ila kila mmoja anamjua mtu anayemjua.

Nimemwona kwa macho yangu dereva wa semi iliyoshiba saruji, mtu ambaye hapishi hata gari la wagonjwa, akihama upande wake na kuingia upande wa wenzake ili amfikie nyoka mwembamba kama kamba ya kiatu. Nyoka mwenyewe alikuwa anaondoka. Alikuwa amebakiza mkia tu kwenye lami. Jamaa akamfuata mpaka kwenye changarawe, nusura apindue mzigo wa watu, kisha akashuka kebini akijifuta jasho kama mtu aliyerudi vitani. Wenzake wakampa mkono. Saruji ingemwagika, sijui angepewa nini.

Jairo hakuwa hivyo, na hilo ndilo lililomponza.

Jairo ni mtu wa Igamba, mrefu, amejikunja mabegani kwa sababu ya miaka ya kuinamia usukani, mwenye tabia ya kufunga vifungo vyote vya shati mpaka kooni kama anakwenda kubatizwa. Alikuwa anaendesha gari la Alhaji Abdulswamad, mtu wa Tanga aliyekuja Tunduma zamani na robota za vitenge akaishia kuwa na malori. Mwendo wao ulikuwa ni mmoja: kununua mahindi ya wakulima wa Mbozi, kupakia Mlowo, kuvuka Tunduma, kupita Zambia mpaka Kongo. Gari hilo ndilo lililoilisha nyumba ya Igamba, maana mikahawa aliyoipanda Ferista, mkewe, ilikuwa bado inaishia magotini.

Zamani Jairo naye alikanyaga kama wenzake. Alinisimulia mara moja tu, bila kuulizwa, tukiwa tumekaa tunakula mahindi ya kuchoma. Alisema safari moja alimpitia nyoka wa kahawia, akasimama, akaweka rivasi kama desturi ilivyo, akatazama kioo. Nusu ya nyuma ilikuwa imegandia kwenye lami. Nusu ya mbele ilikuwa bado inatembea.

"Haikuwa inanifuata," alisema. "Wala haikugeuka kunitazama. Ilikuwa inaelekea ng'ambo, kulekule ilikokuwa inakwenda tangu mwanzo. Nikajiuliza, huyu nilikuwa na ugomvi naye gani?"

Basi. Hakuota ndoto, hakuokoka, hakuanza kuhubiri habari za uoto wa asili. Aliacha tu, kama mwingine anavyoacha sigara. Kuanzia hapo akiona nyoka mbele alipunguza mwendo, akawasha taa za dharura, akasubiri mwenye mkia avuke, kisha akaendelea na safari.

Wenzake wakampachika jina la Zebra, kwa sababu ya ile michoro ya kuvushia wanafunzi.

"Zebra, leo umevusha wangapi?"

"Wawili."

"Walikuwa na sare?"

Na yeye alicheka pamoja nao. Utani ulikuwa hauna madhara. Utani ukiwa Tunduma, hata hivyo, haukai muda mrefu bila kutafutiwa kazi.

Kilichoharibu mambo ni chatu wa mteremko wa Vwawa. Jairo alikuwa mbele, nyuma yake gari la Ezron, dereva mwenzake wa kampuni nyingine, mwenye kifua kipana na mdomo mpana zaidi. Chatu akatoka kwenye majani, akaanza kukatiza barabara bila haraka yoyote, kama mama mwenye nyumba anayekagua uwanja wake. Jairo akashika breki. Ezron naye akashika za kwake, na pua ya gari lake ikasimama karibu kabisa na tela la Jairo. Akashuka anatukana.

"Wewe una akili? Unaniua mimi kwa ajili ya nyoka?"

"Samahani kaka. Anamalizia sasa hivi."

"Anamalizia! Anamalizia nini, mtihani?"

Chatu akamaliza kuvuka, akaingia kwenye shamba la mahindi, na Ezron akaja mjini na habari. Mara ya kwanza alisema chatu alisimama katikati ya barabara. Mara ya pili chatu alikuwa ameinua kichwa. Kufikia jioni chatu alikuwa amemtazama Jairo usoni na Jairo akatikisa kichwa kumwitikia. Jairo alipoulizwa alisema alikuwa anakohoa.

Ingeishia hapo. Lakini mwezi uleule Alhaji akaingiza lori jipya, jekundu, viti bado vina nailoni. Watu wa Tunduma hesabu ya kujumlisha wanaiweza mno. Shida yao ni kwamba hawachagui vitu vya kujumlisha. Dereva anapisha nyoka, kuongeza bosi ananunua lori, jibu: Alhaji anafuga. Nyoka yuko chumba cha ndani, anatema hela, na Jairo ndiye mlishaji. Mkopo wa benki ambao Alhaji alikuwa anaulipa kwa machozi haukuingia kwenye hesabu hiyo, kwa sababu mkopo hauna mkia.

Habari ikapanda milima ya Mbozi haraka kuliko basi. Pale Mlowo, wakati wa kupakia, mkulima mmoja kutoka Igamba aitwaye mzee Mbonile aliuliza gari ni la nani. Alipoambiwa, akaamuru magunia yake yashushwe.

"Mzee Mbonile," Jairo akamwambia, "wewe unanijua tangu natambaa."

"Nakujua sana, mwanangu. Na baba yako nilimjua. Siyo kwamba naamini hayo maneno."

"Sasa?"

"Sasa kwa nini nijaribie na mahindi yangu?"

Wengine wakashusha na wao. Hakuna aliyeamini. Wote walishusha.

Alhaji akamwita Jairo dukani kwake.

"Shikamoo, Alhaji."

"Marahaba. Kaa, mwanangu." Alhaji alikuwa anahesabu tasbihi bila kuitazama. "Mimi nimezaliwa pwani. Nimekula samaki wa kila aina. Mkunga sijamla mpaka leo, unajua kwa nini? Umbo lake. Mkunga tu, Jairo, ambaye ni samaki, ananishinda. Leo naambiwa nimelala na nyoka chumba kimoja."

"Ni maneno ya watu tu, Alhaji."

"Maneno ya watu ndiyo yanayopakia gari. Mimi nitafute dawa gani? Nikianza kuapa msikitini watasema mbona anaapa. Nikinyamaza, kanyamaza kwa nini." Akaweka tasbihi mezani. "Kanyaga mmoja."

"Alhaji..."

"Mmoja tu. Mchana kweupe, watu waone. Yule Ezron awepo, maana yeye ndiye redio yetu. Ukishakanyaga, wataona wewe ni dereva kama madereva wengine, na mimi ni mfanyabiashara kama wengine, tuendelee na maisha."

"Na nisipoweza?"

Alhaji hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika.

"Ufunguo ule nimekupa kwa amana, Jairo. Usinifanye niuombe."

Jairo akatoka na neno hilo, akapakia mahindi machache yaliyopatikana, akaingia kwenye foleni.

Foleni ya kuelekea mpakani kwa asiyeijua ni hivi: malori yamesimama pua kwa mkia kutoka Tunduma mpaka eneo la Mpemba na kuzidi, na hakuna anayejua sababu ila kila mtu ana yake. Ukitoka kwenye mstari umepoteza nafasi. Ukibaki, unabaki. Watu wanafua, wananyoa, wanagombana, wanapatana, wanachumbia. Mahindi yanavuja kwenye magunia, panya wanakuja kula mahindi, na nyoka wanakuja kula panya. Ulikuwa mwezi wa Juni, baridi ya kule juu inakata masikio, na asubuhi jua likishapiga kidogo lami ndiyo kitu pekee chenye joto Mpemba nzima, ukiacha chai ya Restuta.

Restuta ni mama anayeuza chai na chapati kando ya foleni, na pale kwake ndipo tulipokuwa. Ndiye aliyemwona wa kwanza. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Jamani, mgeni," na akanyanyua ndoo yake ya chapati.

Nyoka alikuwa amejinyoosha kwenye lami mbele ya gari la Jairo, anaota jua. Mmoja wa wale wa kahawia wanaoingia maghalani kufuata panya, hana sumu hata ya kumlaza mbuzi, lakini nani angekaa kumuuliza. Mara watu wakajaa. Madereva, vijana wa kubadilisha kwacha, wauza maji. Wakamzunguka kwa mbali, mbali ile ya watu wanaoogopa lakini hawataki kukosa. Nyoka akastuka, akaelekea kushoto, akakutana na miguu. Akageuka kulia, miguu. Mbele kulikuwa na tela la mtu. Akarudi chini ya gari la Jairo, akajikunja mbele ya tairi la mbele, kichwa akakificha ndani ya mwili wake mwenyewe.

"Zebra!" Ezron akaita. Gari lake lilikuwa nyuma ya la Jairo, limeligusa kabisa. "Njoo, ndugu yako kakufuata kazini!"

Jairo akashuka kebini na shati lake la vifungo vyote.

"Msimzingire," akasema. "Mfungulieni njia, ataondoka mwenyewe."

"Njia?" dereva mmoja akadakia. "Sisi tuko hapa tangu Jumatatu hatujafunguliwa njia, afunguliwe yeye?"

"Ana manifesti ya mzigo?"

"Muulizeni kama kachanjwa!"

Dereva wa Zambia aliyekuwa na kikombe cha chai akasema, "Ipaya, mune," yaani ua, rafiki yangu, kwa sauti ya mpole anayekukumbusha kufunga mlango. Watu wakacheka. Jairo peke yake hakucheka. Alichuchumaa, akapiga lami kwa kiganja upande wa pili, labda nyoka atoke kuelekea kwenye majani. Hakutoka. Na mimi niliona, kwa jinsi watu walivyotazamana, kwamba kule kuchuchumaa kulikuwa kosa.

"Mnaona?" Ezron akasema, safari hii bila kucheka. "Anaongea naye."

Hapo ndipo foleni iliposogea.

Tangu Jumatatu haikusogea, ikachagua dakika ile. Gari la mbele likatoa moshi, likaondoka, na mbele ya Jairo ukafunguka uwazi wa kuingiza malori mawili matatu. Nyuma honi zikaanza. Upande wa kulia, wajanja wa kuchomekea walishaanza kugeuza pua zao. Akichelewa, nafasi imekwenda, na kurudi mkiani ni kuanza wiki upya. Kurudi nyuma haiwezekani, Ezron yuko hapo. Kukata kona haiwezekani, tairi lote linapita palepale. Njia ilikuwa moja, ya mbele, na katikati yake kuna nyoka amejifunika kichwa.

Simu yake ikaita. Kumbe Ezron alishampigia Alhaji. Jairo akaipokea, na kwa kuwa simu yake ilikuwa mbovu, ilisikika kwa sauti ya wazi kila ilipopokelewa, tukasikia wote.

"Jairo mwanangu. Nasikia yupo."

"Yupo, Alhaji."

"Na watu wapo."

"Wapo."

"Bismillah, basi."

Jairo akamtazama Restuta, sijui kwa nini yeye. Restuta akatazama birika lake. Jairo akapanda kebini. Breki ya upepo ikapumua. Gari likasogea polepole mno, polepole kuliko nilivyowahi kuona gari likisogea, kama vile Jairo alikuwa anampa nafasi ya kubadili mawazo nyoka asiyekuwa na mawazo mengine. Tairi la mbele likapita. Watu wakapiga kelele kama Taifa Stars wamefunga.

Lakini ule mwendo wa huruma ndio uliokuwa mbaya zaidi. Gari likiwa na kasi linaua mara moja. Nyoka alikuwa amepondwa sehemu ya nyuma, mbele bado yuko hai, amefungua mdomo, anajivuta.

"Rivasi!" wakaanza. "Hajafa! Rudi umalizie! Rivasi!"

Wakasahau wenyewe kwamba nyuma yupo Ezron, ambaye naye alikuwa amesimama kando ya gari lake anapiga kelele hiyohiyo, rivasi, rivasi, bila kufikiri nani ataondoa hilo gari lake.

Jairo akazima gari. Akashuka na mpini wa jeki. Akampiga nyoka kichwani mara moja tu, vizuri, akafa. Na hapo angesimama. Kama angetupa ule mpini, akatema mate, akasema neno la kiume, habari ingeishia pale, Alhaji angepakia mahindi yake na mimi nisingekuwa na la kuandika. Lakini malori yote ya foleni ile yalikuwa yapite juu ya yule nyoka, moja baada ya jingine, mchana kutwa, mpaka awe doa. Jairo akainama, akamnyanyua kwa mikono miwili, akampeleka pembeni kwenye majani. Akasukuma udongo kwa kiatu, akamfunika.

Hakuna aliyecheka.

"Kaka Jairo," Restuta akasema polepole, "ungemwacha tu."

"Nimemtoa barabarani, dada."

"Najua. Mimi najua."

Ezron alikuwa ameshatoa simu.

Jairo alipofika Nakonde, ng'ambo ya mpaka, habari ilikuwa imefika kabla yake na imeshavaa nguo mpya. Dereva wa Alhaji kamtoa nyoka wake mwenyewe kafara, mchana, mbele za watu. Alimwita kwanza. Alimpapasa. Kisha akamuua na akamzika kwa heshima zote. Na anayetoa kafara, maana yake si anataka kikubwa zaidi? Wale wakulima waliokuwa wamebaki na Alhaji wakaondoka. Wengine walisema sasa kwa kuwa nyoka amekufa Alhaji atafilisika, hivyo si vizuri kuwa karibu. Wengine walisema atatajirika zaidi, hivyo si vizuri kuwa karibu.

Alhaji alimsubiri arudi na gari likiwa tupu.

"Nilikwambia ukanyage."

"Nilikanyaga, Alhaji."

"Nilikwambia ukanyage, Jairo. Nani alikwambia uzike?"

Jairo akaweka ufunguo mezani kabla hajaombwa, na Alhaji, nasikia, alishindwa kuuchukua mpaka Jairo alipotoka. Gari alipewa dereva mwingine. Jairo akapanda kwao Igamba.

Nilidhani kule angepumua. Kule kuna mikahawa, kuna mkewe, barabara ni ya vumbi na magari ni ya kuhesabu. Kumbe mzee Mbonile na wenzake walishaelewa kila kitu. Hawakumtenga, hapana, walianza kumsalimia kwa adabu mno. Watu wa rika lake wakawa wanamwamkia. Akifika kwenye kikao cha ushirika wanampisha kiti na hawakai kile cha jirani.

Kisha wakaanza kuja wageni. Mmoja nilimkuta mwenyewe, kijana anayeitwa Zahoro, muuza simu wa Tunduma, viatu vyeupe vimeshakuwa vyekundu kwa vumbi la Igamba. Aliingia kwa kuinama.

"Shikamoo, mzee."

Jairo hajafika hata miaka arobaini. "Marahaba. Karibu."

"Nimekuja kwa lile jambo."

"Jambo gani?"

"Mzee, usinifanye nilitaje. Kuna watu." Akanitazama mimi.

"Ndugu yangu, mimi sina nyoka," Jairo akasema. "Sijawahi kuwa naye. Nilikuwa dereva, nikamuua mmoja kule Mpemba, nikakosa kazi. Hiyo ndiyo habari yote."

"Naelewa, mzee. Hata mimi ningekuwa naye ningesema hivyohivyo."

"Sina!"

"Lakini yule wa Alhaji si ulimtoa?" Zahoro akashusha sauti. "Maana yake sasa kuna nafasi."

Ferista, aliyekuwa anapepeta mahindi uani, akasema kwa sauti bila kuinua kichwa, "Mwambie nafasi ipo. Palizi la kahawa, aje kesho na jembe lake." Zahoro akatabasamu kwa heshima, kama mtu aliyepewa fumbo na mganga. Akaaga kinyumenyume. Tulipotoka nje tukakuta ameacha kuku mweusi, amefungwa mguu kwenye nguzo ya jiko.

Jairo na mkewe walijadiliana mbele yangu. Wakimchinja, wamekubali zawadi na kazi imeanza. Wakimrudisha, itasemwa amekataliwa kwa sababu ni mdogo, na kesho ataletwa mbuzi. Wakimfungulia aende zake, ataingia kwa jirani, na jirani atahama.

"Kwa hiyo tumfanye nini?" Ferista akauliza.

Jairo akafungua kifungo cha kooni, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaketi kwenye kinu kilicholazwa.

"Mpe maji," akasema.

Mwezi uliopita nilipita tena kuwasalimia. Kuku bado amefungwa mguu palepale kwenye nguzo. Ameanza kutaga. Mayai yamejaa pembeni yake, na Ferista akienda jikoni anayaruka.